Je, sayansi imethibitisha kwamba "hakuna nafsi"? Tumsikilize Nagarjuna kwanza

Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi mpaka naijua kwa sauti zake zote: eti sayansi imethibitisha alichosema Buddha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwamba hakuna nafsi. Utaisikia kwenye podikasti, kwenye video za dakika moja, na kusema kweli hata kwenye korido za idara yetu, hasa kwa mtu aliyetoka kusoma makala mbili za ubongo. Mimi nasoma fizikia, siyo dini wala falsafa, na kwa muda mrefu niliiacha ipite. Ila mwaka huu kikundi chetu cha kusoma kilipitia vitabu viwili vinavyoikaribia sentensi hiyo kutoka pande mbili: Why Buddhism Is True cha mwandishi wa Marekani Robert Wright (2017), kinachotumia saikolojia ya mageuko, na Helgoland cha mwanafizikia wa Italia Carlo Rovelli (2020), kinachotumia fizikia ya kwanta. Vyote viwili ni vitabu vizuri. Nilivimaliza nikiwa na kero, na kero hiyo ndiyo makala hii.

Kero yenyewe ni hii. Wabuddha wenyewe walibishana juu ya nafsi kwa karne nyingi, na katika ubishi ule kulikuwa na kituo cha katikati ambapo wengi walishuka wakidhani wamefika. Sayansi inapompigia Buddha makofi leo, mara nyingi inampigia makofi mtu aliyeshukia kituo hicho. Waliobaki kwenye gari walikuwa na hoja dhidi yake, na hoja hiyo inatugusa hata sisi wa maabara.

"Si" na "hakuna"

Tuanze na Kiswahili, maana hapa kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Nikikuonyesha nyumba nikasema "hii si nyumba yangu", sijakwambia kama ninayo nyingine mahali fulani au sina kabisa. Nikisema "sina nyumba", hiyo ni habari nyingine. Neno la Kipali anatta, ambalo watu hulitafsiri haraka haraka kuwa "hakuna nafsi", katika hotuba za mwanzo linafanya zaidi kazi ya ile sentensi ya kwanza: hiki si nafsi, na hiki nacho si nafsi.

Hotuba maarufu kuhusu jambo hili, ambayo mapokeo yanasema ni ya pili tangu Buddha aanze kufundisha, ilitolewa kwa watawa watano karibu na Varanasi, kaskazini mwa India. Ndani yake Buddha anamgawa mtu katika mafungu matano: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia, na ufahamu. Kwa kila fungu hoja zake ni mbili. Kwanza, je, linadumu? Halidumu. Pili, je, unaweza kuliamuru? Kama mwili ungekuwa ndiyo wewe hasa, ungeuambia usiumwe nao ungetii. Jaribu kuuambia hivyo ukiwa na malaria. Basi kitu kisichodumu na kisichotii hakifai kuchukuliwa kuwa ndiyo wewe.

Zingatia anabishana na nani. India ya wakati ule ilikuwa na mafundisho ya Upanishadi kuhusu atman, nafsi ya ndani isiyozaliwa, isiyobadilika, isiyokufa. Hiyo ndiyo nafsi inayotafutwa katika mafungu matano na kutopatikana. Buddha hasemi kwamba anayesikiliza hotuba hayupo.

Kuna kisa kingine ambacho wapenda sentensi yetu hawakitaji. Mtembezi mmoja aitwaye Vacchagotta alimwendea Buddha akamuuliza waziwazi: nafsi ipo? Buddha akanyamaza. Je, haipo? Akanyamaza tena. Vacchagotta akaondoka. Ananda, mwanafunzi wake, alipomuuliza kwa nini hakujibu, maelezo yakawa kwamba jibu la "ipo" lingemweka upande wa wanaoamini nafsi ya milele, na jibu la "haipo" lingemweka upande wa wanaosema kila kitu huisha na kifo, tena lingemchanganya zaidi mtu yule aliyekwisha kuchanganyikiwa. Sasa niambie, kama fundisho lake kuu lingekuwa "hakuna nafsi", hapo si ndipo pangekuwa mahali pa kulisema?

Wright, kwa haki yake, analiona tatizo hili na kulijadili kwa uaminifu. Anakiri kwamba hotuba ile inaweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja. Kisha anageukia maabara, na hapo ndipo kitabu chake kinanoga.

Sepetu na banda la kuku

Jaribio ambalo Wright analitegemea ni la Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux, la miaka ya 1970, kwa mgonjwa ambaye daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo lilikuwa limekatwa ili kutibu kifafa. Nusu ya kushoto ya ubongo wake, yenye kumiliki maneno, ilionyeshwa mguu wa kuku. Nusu ya kulia, isiyoweza kusema, ilionyeshwa mandhari ya theluji. Akaambiwa achague picha zinazoendana na alichoona. Mkono wa kulia ukachagua kuku. Mkono wa kushoto, unaoongozwa na nusu iliyoona theluji, ukachagua sepetu, maana kwenye nchi za baridi theluji huzolewa kwa sepetu. Alipoulizwa kwa nini amechagua sepetu, ile nusu yenye maneno haikuwa imeiona theluji. Ilitakiwa iseme "sijui". Badala yake ikajibu bila kusita kwamba sepetu ni la kusafishia banda la kuku.

Nikisoma kisa hiki hucheka, halafu najisikia vibaya kidogo. Ni mara ngapi mimi nimeeleza sababu za kufanya jambo kwa uhakika uleule wa banda la kuku?

Kutokana na majaribio kama hayo Wright anajenga picha ya akili kama mkusanyiko wa vitengo vingi vilivyochongwa na mageuko, kila kimoja kikishika usukani kwa zamu kupitia hisia, bila mkurugenzi yeyote ofisini. "Mimi" ni msemaji wa serikali ambaye hakuwa kwenye kikao. Hadi hapa sina ugomvi. Swali langu ni moja: baada ya kumfukuza mkurugenzi, ni nini kimebaki ambacho kipo kweli? Jibu la kitabu, ingawa halisemwi kwa sauti, ni vitengo, neva, jeni na uteuzi asilia. Nafsi ni hadithi, vijenzi ndivyo halisi.

Na hicho, jamani, ndicho kile kituo cha katikati.

Gari la mfalme

Kitabu cha kale cha Kipali kinasimulia mazungumzo ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, ambaye wanahistoria wanamtambua kuwa Menander, mfalme wa Kigiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 KK. Nagasena anasema jina lake ni jina tu, ndani yake hapatikani mtu. Mfalme anamshangaa: basi nani anavaa hilo joho, nani anakula hicho chakula? Mtawa anamuuliza amefikaje pale. Kwa gari la farasi. Je, gari ni magurudumu? Ni ekseli? Ni nira? Ni hivyo vyote kwa pamoja? Ni kitu kingine nje ya hivyo? Mfalme anakataa yote, na mwisho anakubali kwamba "gari" ni jina linalotumika kwa kutegemea vipande hivyo. (Mfano huu kwa kawaida husifiwa kwa jina la Nagasena. Lakini katika mashairi ya zamani zaidi yupo mtawa wa kike, Vajira, aliyekwisha kuutumia akimjibu Mara, shetani wa mapokeo hayo. Wanaume wakaja wakaupa kitabu kizima.)

Vizazi vilivyofuata vikafanya kile ambacho wanasayansi wangefanya: vikaanza kuorodhesha vipande. Fasihi hii inaitwa Abhidharma. Vasubandhu, aliyeandika karibu karne ya 4 au ya 5 BK, anatoa kipimo ambacho ningekifundisha mwaka wa kwanza. Chukua chungu, kipige nyundo. Wazo la "chungu" limeondoka, basi chungu kilikuwepo kwa mazoea ya kusema tu. Vitu vingine huhitaji nyundo ya akili: maji hayavunjiki, lakini unaweza kuyachambua kichwani hadi sifa zake za rangi, ladha na mguso. Ukiendelea, unafika kwenye vitu visivyovunjika kwa nyundo wala kwa akili. Hivyo ndivyo dharma, matukio madogo kabisa ya mwili na akili, na kila kimoja kina svabhava, yaani asili yake yenyewe isiyokopwa popote. Katika mpangilio wa Vasubandhu aina za dharma ni 75.

Unaona jinsi inavyofanana na jedwali letu la chembe za msingi? Mtu hayupo, chungu hakipo, orodha ipo.

Si wote waliokubali. Kundi la Pudgalavada, maana yake "wasemao mtu yupo", lilisema mtu si sawa na mafungu matano wala si kitu tofauti nayo, kama moto na kuni: huwezi kuuona moto bila kuni, lakini moto si kuni. Walikuwa na andiko mkononi, hotuba ambayo Buddha anafananisha mafungu matano na mzigo, na mchukuzi wa mzigo anamwita mtu. Vitabu vya historia huwataja kama wazushi katika aya mbili, ilhali tawi lao la Sammitiya lilikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya watawa India wakati msafiri wa Kichina Xuanzang alipopita huko karne ya 7. Mimi nina huruma nao. Waliona kwamba kitu muhimu kilikuwa kinapotea kwenye zile orodha, hata kama hawakupata namna nzuri ya kukisema.

Tupu ya nini?

Sasa gari linaondoka kituoni. Kuanzia karibu karne ya 1 KK yakaanza kutokea maandiko yaitwayo Ukamilifu wa Hekima. Nakala ya zamani kabisa inayojulikana, iliyoandikwa kwa lugha ya Kigandhari juu ya magome ya miti, imepimwa kwa kaboni na kuwekwa kati ya karne ya 1 na ya 2 BK. Maandiko haya yanachukua kila kitu kwenye orodha za Abhidharma na kusema nacho ni kitupu, mpaka nirvana yenyewe inafananishwa na ndoto. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kukariri zile dharma, hii ilikuwa kama kuja kwenye idara yetu na kuandika ubaoni kwamba hata elektroni ni jina tu.

Maandiko yale yanatangaza, hayabishani. Aliyebishana ni Nagarjuna, mtawa anayehusishwa na India ya kusini, karne ya 2 au ya 3 BK. Kitabu chake kikuu kina sura 27 za beti fupi fupi, na kila sura inachukua kitu kimoja, kwa mfano sababu, mwendo, moto na kuni, au wakati, kisha inakitafuta kwa nyundo ileile ya Vasubandhu na wenzake bila kukubali kusimama walipotaka isimame.

Hoja yake kwa ufupi wa kikatili ni hii. Ninyi mnasema dharma zina svabhava. Svabhava maana yake ni kujitegemea. (Si ile ya Azimio la Arusha, hii ni kali zaidi: kuwa ulivyo bila kuhitaji chochote kingine.) Lakini Buddha, na ninyi wenyewe, mnasema kila kitu hutokea kwa sababu na masharti. Kitu kinachojitegemea hakina haja ya kutokea wala hakiwezi kukoma, na hakibadiliki. Punje ya mahindi ambayo upunje ni mali yake mwenyewe isiyotegemea chochote ingebaki punje milele, ungeisubiri shambani mpaka uchoke. Kwa kuwa inaota, haina svabhava. Kwa kuwa dharma zenu hutokea, nazo hazina. Vipande vya gari viko kwenye hali ileile ya gari.

Hapa neno la Kiswahili linatuponza. "Utupu" masikioni mwetu ni upungufu, mkono mtupu haulambwi, na tusisahau kwamba neno hilohilo linamaanisha uchi. Ukiambiwa ndoo ni tupu, swali la busara ni tupu ya nini, ya maji au ya unga. Jibu la Nagarjuna ni moja siku zote: tupu ya kujitegemea. Hajasema ndoo haipo.

Kuna bahati nyingine ya lugha. Neno la Kisanskriti shunya, "tupu", ndilo wanahisabati wa India walilotumia kwa sifuri. Waarabu wakalitafsiri sifr, na sisi tukapokea "sifuri" kwa Waarabu. Sidai Nagarjuna alikuwa anawaza hisabati. Lakini nikimweleza mtu kwa nini utupu si kutokuwepo, huandika 5, kisha naongeza sifuri pembeni, kisha namuuliza kama mshahara wake umebaki uleule.

Wapinzani walimshambulia mapema, tena kwa swali ambalo hata wewe unalo. Kama kila kitu ni kitupu, basi na maneno yako ni matupu, yatakanushaje lolote? Jibu lake analitoa katika kitabu kingine kidogo: gari, chungu na nguo ni vitupu, na bado gari linabeba kuni, chungu kinabeba asali na maji, nguo inakukinga na baridi. Vinafanya kazi kwa sababu vinategemea vitu vingine. Chungu kilichojitegemea kabisa kisingeweza hata kujazwa.

Mfano wangu mimi ni daladala. Toyota Hiace ileile jana ilikuwa gari la msiba, leo ni daladala, na keshokutwa ikinyang'anywa leseni ni bati lililoegeshwa. Hakuna skrubu iliyobadilika. Udaladala haumo kwenye injini wala kwenye viti. Unategemea njia iliyopangwa, leseni, konda, nauli, na watu waliosimama kituoni wakiinua mkono. Ukisema "kwa hiyo daladala haipo", utachelewa kazini. Ukisema "ipo kwa asili yake yenyewe", nionyeshe iko wapi. Nagasena angetaja vipande vya gari. Nagarjuna anaongeza kwamba hata boliti ni boliti kwa sababu kuna nati.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Shule ya Yogachara ya Asanga na Vasubandhu ilisema utupu unahusu mgawanyo wa mwenye kuona na kinachoonwa. Karne ya 7 Chandrakirti akaurudia mfano wa gari na kusisitiza kwamba ingawa halipatikani kwa uchambuzi, halitupwi, kwa sababu watu wanalipanda. Karne ya 14 huko Tibet, Dolpopa akadai kwamba kuna uhalisia wa juu ulio mtupu wa vingine vyote lakini usio mtupu wa asili yake wenyewe, na wenzake wakamwona amerudi Upanishadi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mtu akikuambia "Ubuddha unasema", muulize upi.

Rovelli, na elektroni yangu

Helgoland ni kitabu makini kuliko sentensi yetu. Rovelli ndiye aliyependekeza, mwaka 1996, tafsiri ya fizikia ya kwanta inayosema sifa za kitu huwepo tu kwa kuhusiana na kitu kingine. Kasi ndiyo mfano rahisi: ukiuliza basi linakwenda kasi gani, lazima useme kulinganisha na nini, na Rovelli anaupeleka uhusiano huo hadi kwenye sifa zote. Alipokutana na Nagarjuna akaona mtu ambaye haogopi dunia isiyo na sakafu ya mwisho. Na anasema wazi kwamba Nagarjuna hakujua lolote kuhusu kwanta. Ukilinganisha na Wright, aliyeishia kwenye vitengo vya ubongo, Rovelli amekataa kushuka kituo cha katikati.

Ila kuna mtego kwa msomaji. Tafsiri ya Rovelli ni moja kati ya kadhaa. Ipo ya David Bohm ya mwaka 1952, ambayo chembe zina mahali pake mahsusi muda wote, na ipo ya Hugh Everett ya mwaka 1957. Zote zinakubaliana na majaribio tuliyonayo. Basi fizikia haiwezi kuwa "imethibitisha" utupu, maana haijachagua hata kati ya hizi. Tena kama kesho Bohm angeshinda, Nagarjuna asingepoteza hata ubeti mmoja. Hoja yake haikujengwa juu ya elektroni.

Upande wa pili, mimi kama mtu wa fizikia nina kipingamizi ambacho sikukipata kwenye kitabu chochote kati ya hivi viwili. Chaji ya elektroni. Kila elektroni ina chaji ileile, na hatujawahi kuona hata moja ikipoteza kidogo. Hiyo si svabhava? Kitu kisichobadilika, kisichokopwa popote. Nagarjuna anapata ushindi wake kwa sababu ameifafanua svabhava kwa ukali sana, na mpinzani anaweza kusema: nami sihitaji kitu kisicho na sababu, nahitaji tu sifa ya msingi. Nadhani angejibu kwamba chaji inajulikana kwa kuvuta na kusukuma tu, na chaji isiyo na cha kuvuta ni neno lisilo na kazi. Jibu zuri. Lakini ni jibu kuhusu jinsi tunavyoijua chaji, na bado sijashawishika kwamba limegusa jinsi ilivyo. Kwenye kikundi tulibishana hapo mpaka mlinzi akaja kufunga chumba.

Upanga mtupu

Kama haya yangekuwa mafumbo ya kujifurahisha tu nisingeandika. Nagarjuna mwenyewe alionya kwamba utupu ukishikwa vibaya ni kama nyoka aliyeshikwa vibaya. Historia ina mfano. Katika karne ya 17 mtawa wa Zen Takuan Soho alimwandikia Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa ukoo wa shogun wa Japani, akimweleza kwamba mwenye kupiga, upanga, na anayepigwa, wote ni watupu. Karne ya 20, lugha ya namna hiyo ilitumiwa na viongozi kadhaa wa Zen kuunga mkono vita vya dola ya Japani. Brian Victoria alikusanya ushahidi huo katika Zen at War mwaka 1997. Wasomi wamebishana naye kuhusu baadhi ya usomaji wake, lakini tawi la Myoshinji la Zen ya Rinzai liliomba radhi hadharani mwaka 2001.

Wengine husema huo ni upotoshaji tu wa dini, kama upotoshaji mwingine. Mimi naona kosa mahsusi la kifalsafa, na ni lilelile la kituo cha katikati. Askari anayeambiwa adui ni mtupu hajaambiwa kwamba taifa ni tupu, kwamba amri ni tupu, kwamba heshima ya mfalme nayo ni jina linalotegemea watu wanaolitamka. Nyundo imepiga chungu cha jirani ikaacha cha kwetu. Nagarjuna haruhusu hilo, kwa sababu kwake ukweli wa kawaida, ule wa daladala na nauli na mtu anayelia, hautupwi. Anasema bila kuupitia huo hakuna wa juu utakaofundishwa.

Linganisha na Shantideva, mtawa wa Nalanda wa karne ya 8, aliyeanza na msingi uleule. Maumivu hayana mmiliki anayejitegemea, alisema. Kama ni hivyo, sababu ya kuondoa maumivu yangu si kwamba ni yangu, ni kwamba ni maumivu, na hapo sina kisingizio cha kuyaruka ya mwingine. Hoja yake nayo ina nyufa. Mtu anaweza kumgeuzia kwamba basi hata yangu yasinihangaishe. Lakini ona pale alipochagua kuipeleka.

Ndiyo maana sentensi ya "sayansi imethibitisha hakuna nafsi" inanikera kuliko kosa la kawaida la uandishi. Mwenye kuisema kwa kawaida ameshaamua kitu gani kibaki imara baada ya nafsi kuondoka: jeni, neva, data, wakati mwingine soko. Hajakipiga nyundo hicho.

Kwa atakayetaka kusoma mwenyewe: Wright anafaa kwa safari, ni mcheshi na mkweli kuhusu kutafakari kwake kulivyo kugumu, ila soma sura zake za utupu ukiwa macho, kwa sababu hapo utupu unageuka kuwa zaidi habari ya hisia tunazozibandika kwenye vitu. Rovelli ni mfupi na utamaliza kwa wikiendi. Kwa Nagarjuna mwenyewe tulitumia tafsiri ya Jay Garfield ya mwaka 1995, yenye maelezo ubeti kwa ubeti. Usianze na sura ya kwanza, itakukatisha tamaa. Anza na ya 24, ambayo mpinzani ndiye anaongea kwanza na anaongea kwa hasira, halafu rudi kwenye ya 10, ya moto na kuni. Hiyo ndiyo tutakayosoma mkutano ujao, na nimeombwa nije na hoja za kuwatetea Pudgalavada.